Jua Ndani ya Beseni

Baba yangu mdogo alisema sitavuka Chalinze. Mwalimu wangu wa fizikia alisema mkono wangu ni wa jembe, nikishika waya nitateketeza shule. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na huruma kidogo. Yeye alisema Uingereza nitafika, ila nitaosha vyombo mpaka kucha zing'oke, kisha nitarudishwa na mfuko wa plastiki mkononi. Wote wamekwisha kula nyumbani kwangu tangu nirudi. Wamekaa kwenye makochi niliyonunua mwenyewe, chini ya feni niliyofunga mwenyewe, na stashahada yangu ya ufundi umeme ikiwatazama kutoka ukutani. Sijawahi kuwakumbusha maneno yao. Kazi hiyo naiachia fremu.

Vyombo niliosha, sikatai, miezi ya mwanzo. Baada ya hapo nikapata kazi ambayo, katika Waswahili wote wa Birmingham, sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Nilikuwa fundi wa kituo cha kutazamia nyota. Kilikuwa kituo kidogo juu ya kilima, kusini mwa mji, chenye kuba moja la bati na darubini ndefu kama nguzo ya simu. Mota ya kulizungusha kuba ilikuwa imekufa, na mafundi wenye vyeti vikubwa kuliko changu walishauri inunuliwe mpya. Mimi niliifungua, nikaisafisha, nikaisuka waya upya, ikazunguka. Siku hiyohiyo Mkurugenzi wa kituo aliniambia nisiende tena kwa wale wa vyombo.

Mkurugenzi alikuwa Mwairishi, mzee mrefu, mkavu, mwenye sweta lililochoka viwiko. Aliwahi kuongoza kituo kikubwa kwao Ayalandi, na jina lake lilikuwa kwenye vitabu. Hiki cha Birmingham alikichukua uzeeni, kwa kuwa ndio mji aliofikia ujanani, akiwa na koleo, akichimba barabara. Aliniita "Fundi". Nilimfundisha neno hilo mwenyewe, na alilitamka vizuri kuliko watoto wa Waswahili waliozaliwa pale.

Mwaka ule sayari ya Zuhura ilikuwa ipite mbele ya jua. Jambo hilo hutokea kwa nadra sana, na hakuna mtu aliye hai aliyekuwa amewahi kuliona. Mkurugenzi alitaka milango iwe wazi kwa kila mtu. Jumapili iliyotangulia nilisimama katika kanisa nililosali, kanisa la Wakongo wa mashariki, nikatangaza. Nilitangaza kwa kirefu. Nilieleza darubini, nikaeleza kuba, nikaeleza ni nani anayelizungusha. Nikasema njooni nyote, na majirani zenu, mtaliona jua kama hamjawahi kuliona.

Wakaja. Asubuhi ile anga la Birmingham, ambalo kwa kawaida hufanana na sufuria ya aluminiamu, lilikuwa wazi, bila wingu. Ndani ya kuba Mkurugenzi aliielekeza darubini juani na kuuacha mwanga uanguke kwenye ubao mweupe, jua likatokea pale, pana kama sahani, na juu yake doa jeusi kama punje ya pilipili manga. Hiyo ndiyo ilikuwa Zuhura. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka jicho kwenye darubini, watu waliutazama ubao tu. Niliwaingiza wachache wachache, nikawaeleza kwa Kiswahili, na nakiri nilieleza vizuri. Foleni ya nje ikawa ndefu.

Katikati ya maelezo nilihisi mtu ananivuta mkono wa shati. Alikuwa Mkurugenzi, ametoka nje kidogo na kurudi.

"Fundi," alisema taratibu, "watu wako wamekuja kunawa?"

Nilitoka. Kwenye majani nyuma ya maegesho, akina mama walikuwa wamepanga mabeseni ya plastiki, sufuria mbili tatu, na karai moja la Kikenya. Walikuwa wametia maji na bluu kidogo ya kufulia. Wamepanda mabasi na vyombo hivyo kutoka pande zote za mji. Walikuwa wameinama, na kila beseni lilikuwa na jua lake.

Sikuogopa bado. Kusema kweli, nilifurahi. Hivyo ndivyo tulivyotazama jua likipatwa nilipokuwa mdogo, mtaa mzima tumezunguka beseni la bibi.

"Ni njia yetu hiyo," nilimwambia. "Jua likiwa majini halina makali."

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua."

"Hata mimi kila mtu aliniambia."

Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akanigeukia.

"Nikikutazama hivi huna uso," alisema. "Una masikio. Una kola ya shati. Hapo katikati hakuna mtu."

Nilikuwa nimefanya naye kazi muda mrefu bila kujua. Alinieleza kwa kifupi, midomo haichezi, kama mtu anayeogopa kusikika. Alikuwa mtoto wa shule kijijini kwao, jua lilipatwa, mwalimu akaleta ndoo ya maji yenye masizi. Maji hupunguza mwanga, alisema, lakini hayaumalizi. Jua likipatwa, watu huona kipande kikubwa kimeliwa, wakaridhika, wakaondoka. Hapa walikuwa wanatafuta punje ya pilipili. Asiyeiona atakazia macho, na aliyeiona atakazia zaidi.

"Haliumi," alisema. "Hilo ndilo baya lake. Utajua jioni, au kesho ukiamka."

Nikawatazama tena wale watu, mmoja mmoja. Nilikuwa nimewaita kwa mdomo wangu. Na aliyekuwa ameinama kuliko wote alikuwa mama mmoja wa kanisani, mshonaji, aliyewashonea vitenge vya harusi Wakongo wa nusu ya mji. Alilea wajukuu kwa sindano. Alikuwa akimwambia jirani yake, "Nimeiona, iko pale, kidogo kama kichwa ya sindano. Njoo nikuonyeshe." Kisha akainama tena, ili amwonyeshe. Na baada ya huyo, mwingine.

Nilitaka kupiga kelele. Mkurugenzi akanishika bega.

"Usiwatishe. Mtu aliyetishwa huona hata kisichokuwepo, na hatutajua nani ameumia na nani ameogopa. Waambie tunaomba kuazima mabeseni yao."

"Ya nini?"

"Wewe ndiye fundi."

Nikaenda, nikatabasamu kwa meno yote, nikawaambia mitambo yetu inahitaji maji ya kupoozea, naomba kuazima vyombo, nitamrudishia kila mmoja kwake mwenyewe. Wakacheka. Mzee wa kanisa akasema kumbe mtambo wa wazungu nao unaogeshwa. Mama mshonaji ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka. Alifumba macho, akayasugua kwa kitenge, akasema, "Ile jua ni kali, papa," yaani baba kwa Kiswahili cha kwao, na akaniachia beseni lake jekundu.

Waliingia ndani kutazama ubao, wakashangilia, wakaenda zao. Nikayarundika mabeseni stoo.

Mkurugenzi akavaa koti lake.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Tunarudisha vyombo. Peke yako utawaua kwa hofu. Uso wako umeshakuwa wa msibani."

Akanifundisha ndani ya basi. Nisimuulize mtu kama macho yanauma. Nimwombe atazame ukuta wa matofali ulio ng'ambo ya barabara, jicho moja kwa wakati, na aseme mistari ya matofali ikoje. Iliyonyooka ni salama. Ikipinda, au tofali moja likikosekana katikati, basi. Kwa Birmingham, ukuta wa matofali hukosi popote.

Tulianzia Sparkhill, Stratford Road, kwa wenye karai. Walikuwa Wahindi wa Kisumu, mume na mke, wenye duka la vyombo na vitambaa, waliokuja kwa kuwa akina mama wa kanisani ni wateja wao. Mume alipokea karai akaligeuza.

"Umeazima asubuhi, unarudisha mchana," alisema. "Nimejua wewe si Mkenya."

Nilimwomba anisaidie jambo dogo, Mkurugenzi anafanya uchunguzi. Akasimama mlangoni, akafunika jicho.

"Unaona nini ng'ambo?"

"Naona basi."

Basi likapita. Likaja jingine, likasimama. Mke wake alitoka ndani akauliza tunatazama nini, akaambiwa tunatazama mabasi. Barabara ilipopata upenyo wote wawili walitazama, jicho moja, kisha la pili, wakasema mistari ni mistari, ingekuwaje tena? Tukanunua sambusa kwa adabu tu. Yangu sikuimaliza.

Pale Sparkhill tulipita nyumba kadhaa zilizobanana, kila moja na beseni lake, na kila mlango ulipofunguliwa nilitazama macho kabla ya kutazama mtu. Wote salama. Sikupata nafuu. Niliona tu kwamba hatari inabanwa kwenye nyumba zilizobaki.

Tukapanda basi la kuelekea Hodge Hill, ghorofa ya juu, mabeseni miguuni. Ili hofu isinizidi pale, nikamuuliza Mkurugenzi jicho lile alilifanya nini.

"Mama alinipeleka kwenye kisima kitakatifu," alisema. "Kwetu kila ugonjwa una kisima chake. Niliosha mara tatu, nikafunga kitambaa kwenye mti. Nikarudi vilevile, na miguu imelowa."

"Na baba yako?"

"Baba alisema mtoto mwenye jicho moja anatosha kulima. Nikaja huku, nikachimba barabara na kaka yangu mchana, jioni nikasoma. Chuoni profesa mmoja akanipima, akasema nitafute kazi nyingine. Mtaalamu wa nyota asiye na macho, alisema, ni kama padri asiye na Mungu. Akaongeza kwamba hao wapo, lakini hawasongi mbele."

Nilicheka, na kicheko kilinitoka kama kikohozi.

"Kumbe alikosea," aliendelea. "Kitu hafifu angani hukioni ukikitazama katikati. Kila mtazama nyota lazima ajifunze kutazama pembeni kidogo, ndipo kitu kinajitokeza. Wenzangu iliwachukua miaka. Jicho langu lilikuwa limeunguzwa hapo kati, halikuwa na njia nyingine ya kutazama. Nikaziona nyotamkia ambazo wao walizipita. Hizo ndizo zilizonipa kituo." Basi likakata kona, akayashikilia mabeseni yasiteleze. "Na bado ningezitoa zote nione uso wa mtu kwa macho mawili."

Hodge Hill palikuwa na familia ya Kikongo katika nyumba pacha yenye bustani. Watoto walisikia Kiswahili changu na kujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. Wakubwa walitazama ukuta wa bustani ya jirani, wakasema sawa. Binti yao mdogo akafunika jicho la kushoto, akasema kwa Kiingereza kwamba ukuta umepinda.

Nikashika mlango.

Akafunika la kulia. Umepinda pia, akasema.

Mama yake akaniuliza mbona nimekuwa rangi ya majivu. Niliona jina langu likitajwa kanisani, niliona mtoto akiongozwa kwa mkono. Mkurugenzi akaenda dirishani, akatazama kwa jicho lake zima, kisha akarudi polepole.

"Umepinda kweli," alisema. "Unakaribia kuanguka. Mwambieni jirani."

Nilikaa kwenye ngazi yao. Walinipa chai ya maziwa, wakadhani ni njaa.

Ikabaki nyumba moja, ya mama mshonaji, Kingstanding, upande wa pili wa mji. Nilisema jua linakaribia kuzama, twende kesho. Ukweli ni kwamba sikuthubutu. Mkurugenzi alijua, akakubali, maana hata yeye alisema asubuhi ndiyo husema kweli. Usiku ule nilijilaza na beseni jekundu kando ya kitanda. Sikulala.

Asubuhi tulipofika kwenye zile nyumba za manispaa zinazofanana, alifungua kabla hatujabisha.

"Munarudisha beseni," alisema, "ao munaleta habari?"

"Beseni, mama."

"Basi ingieni muikale, mi niko na habari."

Cherehani ilikuwa dirishani, imezibwa na kitenge cha harusi, buluu na dhahabu, magauni ya wasimamizi yamekatwa tayari. Akatuambia alipoamka kulikuwa na kitu kama kivuli cha sarafu. Akitazama ukuta, kiko ukutani. Akitazama mjukuu, kiko usoni mwa mjukuu. "Iko inanifata," alisema. Jicho la kulia tu. Sikuhitaji kumwomba atazame matofali ya ng'ambo, lakini nilimwomba. Akafunika la kushoto.

"Mistari inavutwa mu kati," alisema. "Kama nguo, ukivuta uzi moja."

Nilimweleza yote kwa Kiswahili. Hakunigombeza. Alimtazama Mkurugenzi.

"Muulize. Itapona?"

Nikauliza. Mkurugenzi alifikiri kabla ya kujibu, na kufikiri kwake kulinitia hofu kuliko jibu.

"Mwambie langu halikupona. Lakini mimi nilitazama mpaka mwisho, hakuna aliyeniondolea ndoo. La kwake huenda likapona. Huchukua wiki, pengine miezi. Nisingependa kumdanganya."

Tukampeleka hospitali ya macho siku hiyohiyo. Daktari aliona alama ya kuungua, ndogo, akasema hakuna dawa, ni kungoja.

"Na bibi harusi yeye atangoja?" mama aliuliza.

Tulipomrudisha kwake nilimkabidhi beseni. Akalisukuma.

"Ibakie kwako, papa. Ukiiona utaniombea."

Hivyo nikarudi nalo. Nimebeba vitu vizito maishani, nimebeba mota peke yangu kwenye ngazi, lakini hakuna kilichonilemea kama lile beseni la plastiki chumbani kwangu. Nilikuwa nikiamka nafunika jicho moja, natazama ukuta wa matofali nje ya dirisha langu, kisha jingine, ingawa mimi sikuwa nimetazama beseni lolote. Simu ikilia nilingoja iite mara kadhaa ndipo niipokee.

Kila Jumamosi Mkurugenzi alipanda mabasi mawili hadi Kingstanding, nami nikitafsiri. Jicho la kushoto la mama lilikuwa zima, lakini tangu ujana alishona kwa yote mawili, na kivuli cha la kulia kilimkalia juu ya sindano kila alipoinama. Mzee alikaa naye mezani, sindano na uzi mbele yao.

"Mwambie asitazame tundu la sindano. Atazame ukucha wake, hapo pembeni. Tundu litakuja lenyewe."

Nikamwambia. Mama akajaribu, akakosa, akajaribu, akakosa, akatupa uzi mezani.

"Huyu muzee ananifundisha kutazama kama mwizi wa soko."

Nilipolitafsiri, Mkurugenzi alikubali kwa kichwa. "Mwambie huo ndio ujuzi wangu wote. Nimelipwa mshahara kwa huo."

Akarudia. Uzi ukapenya. Akaendelea kushona, kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza. Magauni ya harusi ile yalitoka yakiwa na mshono ulionyooka kuliko wa mtu yeyote niliyemjua, na mimi nikajua kwamba huko si kupona, ni kustahimili. Nikazidi kuogopa. Niliogopa kwamba atazoea.

Majira yakageuka, majani ya Kingstanding yakawa mekundu na kuanguka. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wanakunja viti, mama akanijia akiwa na mkoba begani.

"Papa, leta beseni yangu. Nataka kuloweka maharagi."

Nilisimama na kiti mkononi.

"Jicho?"

"Nimesema leta beseni."

Nililifuata chumbani, nikapanda basi nalo. Watu walinitazama, suti na tai, beseni jekundu mapajani, na machozi ambayo niliyaita mafua. Kingstanding alinisimamisha mlangoni, akaenda dirishani, akafunika jicho la kushoto, akatazama matofali ya ng'ambo muda mrefu. Nilihesabu pumzi zake.

"Mistari zote zimelala," alisema. "Sawasawa. Ile sarafu ilikuwa inapungua siku kwa siku, sikukuambia, ungeniulizauliza."

Akalichukua beseni, akapitisha kidole ndani. "Na umeiacha na vumbi, kweli wewe ni kijana wa kuishi peke yako." Akalisuuza bombani, akamimina maharage, akayafunika kwa maji.

Nilitoka kwenye kibaraza nikampigia Mkurugenzi. Nilimwambia nimemrudishia kila mtu chombo chake, hakuna anayenidai Birmingham nzima.

"Hata lile jekundu?"

"Hata lile jekundu."

Nilisikia akivuta kiti na kukaa. Kisha akasema kesho nifike mapema na ngazi, taa ya juu ya kuba imeungua.